Riwaya 100 za Maisha: Namna ya Kuanza Usikwame Kwenye ya Tatu

Vitabu ninavyoazimisha hapa Wete, Pemba, hurudi na alama mahali pamoja. Tikiti ya boti, jani la mkarafuu, kipande cha gazeti, vyote vimechomekwa baina ya ukurasa wa 20 na wa 40. Aliyeazima ni yule yule aliyekuja Januari na karatasi yenye majina 100 ya riwaya, akasema safari hii amenuia, atazisoma zote madhali yu hai. Ikifika Machi haonekani.

Simlaumu mtu. Wengi wao wana akili na wana hamu ya kweli. Wanashindwa kwa sababu wanaichukua orodha ya maisha kama mtihani wa mwaka: majina mengi, tarehe karibu, na kitabu kigumu mbele. Haya ninayoyaandika ni ya kuipanga orodha, saa na nyumba yako, ili usomaji uendelee hata msimu wa karafuu, hata kukiwa na mgonjwa ndani.

## Utakavyohitaji

Andaa hivi kabla hujafungua kitabu chochote:

- Kaunta buku moja. Usitumie simu. Simu hupotea na hubadilishwa, na orodha hii ni ya miaka.
- Kalamu ya risasi na kifutio. Majina yatabadilika, kwa hiyo usiyaandike kwa wino.
- Kamusi. Kwa riwaya za kwetu napendelea Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la mwaka 2010, kwa sababu maneno mengi ya Unguja na Pemba yamo.
- Taa isiyotegemea umeme wa ukutani. Waliokuwapo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika karibu miezi mitatu, hawahitaji maelezo. Taa ndogo ya sola inatosha.
- Uanachama wa maktaba, ikiwa unaweza kufika Maisara kwa Unguja au Chake Chake kwa Pemba.
- Kontena la plastiki lenye mfuniko na karatasi ya khaki. Sababu yake iko hatua ya mwisho, usiiruke.
- Riwaya tatu. Tatu tu.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuandika jina

Chukua riwaya yoyote, tazama saa, soma kurasa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha tazama saa tena. Andika dakika ulizotumia kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Mimi hunichukua kama dakika 25. Wewe huenda ikawa 15 au 40, na zote ni sawa.

Kurasa 10 kila usiku ni kurasa 3,650 kwa mwaka. Tukichukua riwaya ya kurasa 200, hizo ni riwaya 18. Sasa toa masiku ya Ramadhani, toa harusi na misiba, toa wiki za kuchuma karafuu ambazo mtu hurudi nyumbani mikono haina nguvu ya kushika hata kikombe. Zitabaki riwaya 10. Basi riwaya 100 ni kazi ya miaka 10. Aliyeanza na miaka 25 atamaliza na 35, bado kijana.

Kwa nini: mtu asiyejua hesabu yake huona amechelewa kila siku, na anayejiona amechelewa huacha.

Tahadhari: usipige hesabu kwa wiki yako nzuri. Kila mtu anayo wiki aliyosoma kitabu kizima kwa siku mbili. Hiyo isahau.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja ya mwaka ambayo hata mwaka mbaya utaifikia. Kama ni sita, andika sita.

## Hatua ya 2: Andika majina 20, acha 80 wazi

Fungua ukurasa mpya. Andika namba 1 mpaka 100 ukingoni. Jaza 20 za mwanzo, basi.

Wengi hukataa hapa. Wanataka kuiona orodha imejaa. Lakini orodha iliyojaa siku ya kwanza ni ya mtu mwingine: umeichukua kwa mwalimu, au kwa rafiki, au kwenye mtandao. Msomaji utakayekuwa baada ya riwaya ya 40 hujakutana naye bado. Mwachie nafasi.

Kanuni ya kujaza ni moja. Kila riwaya unayoimaliza ina haki ya kuteua jina moja jipya. Inaweza kuteua riwaya nyingine ya mwandishi yule yule, au ya mahali pale pale, au inayobishana nayo.

Chukua Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979. Inakupeleka kwa wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Ukiimaliza unaweza kutaka kujua mwandishi yule yule anavyoyaona mashamba na mabwana zake, ukaandika Kasri ya Mwinyi Fuad. Hiyo nayo ikakufanya uulize wanawake walikuwa wapi katika dunia ile, ukaandika Vuta N'kuvute, ambamo Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anaamua kuondoka. Tazama, majina matatu yamepatikana na hakuna aliyekupangia. Kila moja umeliandika kwa sababu ulikuwa na swali.

## Hatua ya 3: Anzia unapopajua

Riwaya tano za mwanzo ziwe za mahali ambapo miguu yako imepita. Tuna bahati kubwa hapa kwetu, na sijui kwa nini tunaifanyia uvivu: visiwa vidogo hivi vimetoa waandishi wa riwaya za Kiswahili ambao wanasomwa Kenya na Bara, na vyuoni ng'ambo ya bahari.

Mimi humwanzisha mtu kwa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale. Ni hadithi ya upelelezi. Kuna maiti, kuna Bwana Msa na kiko chake, na kuna sababu ya kufungua ukurasa unaofuata. Msomaji mpya anahitaji kwanza kuvutwa. Uzito utakuja.

Baada yake Vuta N'kuvute, halafu Kuli. Kisha Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1972, yenye Kiswahili ambacho mimi hukisoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Ya tano iwe Utengano ya Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa hapa Pemba mwaka 1947. Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na babake mpaka akatoroka, ni mtu ambaye kila msomaji wangu wa kike amekuja kunizungumzia.

Katika zile 15 zinazobaki, tia ya Zainab Burhani, Mwisho wa Kosa, ili sauti zisiwe za wanaume peke yao. Tia Rosa Mistika ya Kezilahabi, na Siku Njema ya Ken Walibora, usikie Kiswahili cha wenzetu kinavyotembea. Tia Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel 2021. Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili na ikachapishwa 2022, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kusema Kiingereza kinanizuia. Na ukitaka kutoka nje ya bahari yetu kabisa, Shamba la Wanyama ya George Orwell na Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe zimo katika Kiswahili tangu miaka ya 1960 na 1970.

Tahadhari, na hii ndiyo inayoangusha watu wengi: wembamba wa kitabu si wepesi wake. Kijana mmoja mwendesha bodaboda alichagua kwenye sanduku langu kitabu chembamba kuliko vyote. Kilikuwa Nagona ya Kezilahabi, ya 1990. Alirudi baada ya wiki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?"

"Ukurasa wa 11. Nimeusoma mara nne. Mwalimu, mimi labda si mtu wa vitabu."

Maneno hayo yaliniuma. Nagona ni kitabu cha maswali makubwa, kimeandikwa kama ndoto, na wasomi wanakibishania mpaka leo. Kumpa mtu aianze safari kwa kitabu hicho ni kama kumtupa kwenye mkondo wa Pemba siku ya kwanza ya kujifunza kuogelea. Kosa lilikuwa langu, nilimwacha achague kwa unene. Kusadikika ya Shaaban Robert nayo ni nyembamba, lakini lugha yake ya 1951 inataka msomaji aliyekwisha pata pumzi. Ziweke namba 15 kwenda juu.

## Hatua ya 4: Pata vitabu, lakini vitatu kwa wakati

Nyumbani viwepo vitatu: unachokisoma, kitakachofuata, na kimoja chepesi cha akiba kwa wiki mbaya. Rafu ikijaa vitabu visivyosomwa, kila ukiingia chumbani unajiona una deni.

Kwa kutafuta, anza na maktaba. Kisha waulize walimu wastaafu na waliomaliza skuli, maana riwaya nyingi kati ya hizi zilikuwa za mitihani na zimelala makabatini. Akipatikana mtu anayekwenda Dar es Salaam, mpe majina mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi pamoja na jina la mwandishi. Usimwambie kwa mdomo, ataleta kingine.

Ukinunua kitabu kilichotumika, tazama mwisho kabla ya kulipa. Gundi ya zamani ikikauka, kurasa za nyuma ndizo zinazotangulia kuanguka. Nimewahi kufika mwisho wa hadithi ya upelelezi nikakuta kurasa nane hazipo, na nilikaa miaka miwili sijui muuaji ni nani.

Nakala zinazorushwa kwenye simu bila idhini ziache. Mwandishi hapati kitu, na mara nyingi zina kurasa zilizorukwa.

## Hatua ya 5: Funga usomaji kwenye jambo ambalo tayari unalifanya

Usiseme "nitasoma nikipata nafasi". Nafasi haiji. Chagua jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa, kisha weka kurasa 10 mara tu baada yake. Kwa wengi ni baada ya sala ya isha. Kwa wavuvi ninaowajua ni mchana, wakisubiri maji yajae. Simu ichaji chumba kingine.

Safari ya boti kutoka Malindi mpaka Mkoani inaweza kukupa zaidi ya kurasa 10, ila kusi likivuma usisome chini ndani. Kaa nje, na ukihisi kichwa chepesi funga kitabu utazame mbali.

Ramadhani watu hushauri kusoma kati ya alasiri na futari. Shauri hilo limetolewa na wasiopika. Mwanamke aliye jikoni saa hiyo ana tambi, ana uji, ana mihogo ya nazi, na mtoto mguuni. Yeye asome kurasa tatu baada ya daku akisubiri alfajiri, au asisome kabisa mwezi huo. Hesabu ya hatua ya kwanza imeshamtolea masiku yake, kwa hiyo hana deni la mtu.

Utajua umefaulu siku utakapokosa kusoma, ukaenda kulala, na ukahisi kuna kitu umesahau, kama aliyelala bila kufunga mlango.

## Hatua ya 6: Mistari mitatu kwa kila kitabu

Usiandike insha. Ukijilazimisha kuandika ukurasa mzima, utaanza kuogopa kumaliza vitabu. Andika tarehe ya kuanza na kumaliza, sentensi moja ya yaliyobaki moyoni, na neno moja ulilojifunza pamoja na maana yake.

Msichana mmoja aliniruhusu nimnukuu kutoka daftari lake: "Na. 3. Kuli. Nimeanza 3 Mei, nimemaliza 29 Mei. Sikujua kama watu wetu waligoma. Nimemuuliza babu, akaniambia kaa chini."

Hakuandika babu alimwambia nini. Lakini amekaa chini, na naamini sentensi ile ataisoma tena akiwa na wajukuu.

## Hatua ya 7: Kitabu kikigoma

Kipe kurasa 50. Kama bado hakijakushika, kitoe, na kwenye daftari andika kando yake herufi A, maana yake *kimeahirishwa*. Usikifute. Andika na sababu kwa maneno machache: "lugha nzito", "nilikuwa na msiba", "sikuwapenda watu wake".

Usiwe na A zaidi ya mbili kwa pamoja. Ya tatu ikija, rudia moja ya zile mbili kwanza. Bila ya kanuni hii, kuahirisha hugeuka tabia, nawe unabaki mtu wa kuonja.

Yule kijana wa bodaboda nilimpa Mzimu wa Watu wa Kale, akairejesha baada ya siku tisa akiuliza kama Bwana Msa ana kesi nyingine. Anazo: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na zaidi. Amezifuata moja moja. Nagona kwenye daftari lake bado ina A, na mimi simhimizi.

## Hatua ya 8: Tafuta mtu mmoja wa kumsimulia

Mmoja. Makundi ya WhatsApp ya wasomaji 60 nimeyaona yakizaliwa na kufa. Mwezi wa kwanza picha za majalada, mwezi wa pili salamu za Ijumaa, mwezi wa tatu matangazo ya viwanja.

Mtu mmoja anayekuuliza "yule Denge wa Vuta N'kuvute alifanyaje?" ana nguvu kuliko kundi lolote, kwa sababu anasubiri jibu. Si lazima awe msomaji. Mume wangu hasomi riwaya, lakini kila siku humsimulia nilipofika, na nikisimama siku mbili huulizia.

Na kuna njia ambayo naipenda kuliko zote. Alasiri wanawake wanakaa ukumbini kusuka ukili. Mikono ina kazi, masikio yapo wazi. Tulianza kwa mmoja kuacha kusuka na kusoma kwa sauti, nusu saa, wengine wakiendelea. Anayesoma fungu lake la ukili husukwa na wenzake, asipate hasara. Siku tuliyofika pale Maimuna wa Utengano anapotoka nyumbani, mama mmoja mtu mzima, ambaye hajui kusoma, aliuweka ukili chini akasema, "Rudia hapo." Tulirudia. Akasema tena, "Rudia." Huyo sasa ana riwaya sita, nami nimemfungulia daftari na kuziandika kwa jina lake. Aliyesikiliza kitabu kizima amekisoma, na asikuambie mtu vyengine.

Tahadhari: chagueni riwaya kabla, mmoja wenu awe ameshaisoma. Zipo sehemu ambazo huwezi kuzisoma kwa sauti mbele ya mkweo.

## Hatua ya 9: Vilinde vitabu na masika

Orodha ya miaka 10 itapita masika kumi. Vitabu vya visiwani haviuawi na kusomwa sana, vinauawa na unyevu. Kitabu ulichokiegemeza kwenye ukuta wa mawe mwezi wa Aprili, ukikitoa Juni kitakuwa kimeota ukungu mgongoni, na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vimeshakula gundi.

Fanya hivi. Mwisho wa kaskazi, kabla mvua hazijaanza Machi, toa vitabu vyote. Kimoja kimoja kishike kwa mgongo, fungua kurasa kama feni, pepea. Kitabu kikavu hutoa sauti kali. Kinachotoa sauti nzito, kurasa zikashikana, kina maji ndani.

Hicho cha maji kisimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zimeachana, siku mbili au tatu. Usikianike juani. Jua la mchana hukunja jalada na kuifanya karatasi kuwa ya njano na kuvunjika. Kama kuna ukungu, kipeleke nje ya nyumba ufute kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji kitausukuma ukungu ndani ya karatasi.

Vikikauka, vifunike majalada kwa khaki. Seloteipu isiguse kitabu chenyewe, gundi yake huyeyuka kwa joto na kubakisha doa. Iguse khaki tu. Halafu viweke kwenye kontena, mbali na sakafu na mbali na ukuta. Kontena ukilifunga na kitabu kimoja kibichi ndani, umevipikia vyote ukungu, kwa hiyo usifanye haraka hapa.

Karafuu kavu gao moja, yaani kiasi cha kujaza kiganja, ndani ya kijifuko cha kitambaa, weka kwenye kona ya kontena. Wazee walizitia kwenye masanduku ya nguo, na mimi nafanya vivyo kwa vitabu. Usizimwage juu ya kurasa, zina mafuta na huacha madoa. Badilisha kila mwaka, msimu mpya ukianikwa.

Daftari lako la orodha pia liingie humo usiku wa mvua. Hilo ndilo lisilouzwa dukani.